Makoti Tisa na Upepo wa Kaskazini

Wageni wa kutoka kwetu hufika Guangzhou mwezi wa Januari wakiwa wamevaa viatu vya wazi. Wametazama ramani, wakaona mji uko kusini kabisa mwa China, wakahitimisha kwamba kusini ni joto. Hawajakosea sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwaka watu wa mji huu hutokwa jasho kama watu wa Dar es Salaam. Lakini majira ya baridi yakifika, nyumba za huku hazina mabomba ya kupasha joto kama zile za kaskazini mwa nchi. Nyuzi joto saba, zinazoonekana jambo dogo kwenye simu, huchanganyika na unyevu zikaingia ukutani, kitandani na hata kwenye kalamu, na mtu akajikuta ameketi chumbani mwake na kofia kichwani.

Ndiyo maana kuna makoti. Hakuna anayekumbuka nani aliuanzisha utaratibu huu. Mfanyabiashara anayerudi nyumbani hana haja ya koti zito Kariakoo, na nafasi ya begi lake anaitaka kwa ajili ya bidhaa. Hivyo huliacha koti kwa mwanafunzi mmoja wa chuo chetu, naye hulitunza mpaka afike mgeni mwingine mwenye viatu vya wazi. Mgeni hulipokea uwanja wa ndege wa Baiyun, akalivaa wiki mbili tatu, akalirudisha siku ya kuondoka. Hakuna anayetia sahihi popote. Mtunzaji akihitimu, humkabidhi mwanafunzi mwingine.

Mimi nilikabidhiwa na dada mmoja wa Unguja aliyekuwa amemaliza udaktari. Siku yake ya mwisho aliyapanga makoti tisa juu ya kitanda changu, akatia punje chache za karafuu katika kila mfuko, kisha akaniambia, "Mdogo wangu, hivi si vitambaa tu. Ni amana ya watu ambao hutawajua."

"Nitayatunza, dada."

"Usiniitikie kama unamwitikia mwalimu. Yaangalie."

Nikayaangalia. La kijani lilikuwa na mabega mapana kama ya askari. Jekundu la kahawia lilikuwa refu hata likawafikia akina mama vifundoni. Moja lilikuwa na zipu iliyohitaji kubembelezwa. Niliyafunga ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki, nikayasukuma chini ya kitanda, nikahisi nimepewa heshima. Wakati huo nilikuwa mtu wa kuhisi heshima upesi. Nilikuwa nimetoka Dodoma kwa ufadhili wa masomo, nikisomea uhandisi wa maji, na utafiti wangu ulihusu malambo: kwa nini maji ya lambo la kijiji hugeuka mvuke na kutoweka kabla ng'ombe na watu hawajayamaliza. Niliamini, na bado naamini, kwamba kijana aliyesomeshwa kwa jasho la wengine hana haki ya kusoma kwa ajili ya nafsi yake peke yake.

Imani hiyo haikunizuia kuanguka. Majira yangu ya pili ya baridi yalianza kwa mvua nyembamba ya wiki nzima, mvua isiyo na sauti. Mbingu zilishuka zikakaa juu ya paa la bweni. Niliamka saa nne, kisha saa tano, kisha nikaacha kuweka kengele ya kuniamsha. Sura ya tatu ya utafiti wangu ilisimama kwenye sentensi moja, na kila nilipoifungua niliirekebisha neno moja na kuifunga. Sikuwa mgonjwa wa kitu ambacho ningeweza kukitaja kwa daktari. Nilikuwa mtu ambaye amezimwa.

Nikatafuta adui, nikampata dirishani. Kwetu Dodoma upepo ukivuma tunafunga madirisha, kwa kuwa upepo wa kwetu huja na vumbi linaloingia mpaka kwenye unga. Mwili wangu ulijua jambo moja tu kuhusu upepo: uzuie. Nilinunua selotepu pana, ile ile ambayo wafanyabiashara wetu hufungia mabelo ya nguo pale soko la Shisanhang, nikabandika pembe zote za dirisha, tabaka juu ya tabaka, hata nikashindwa kuona nje isipokuwa kama ukungu. Nguo nilizofua nikazianika ndani. Birika la umeme nililiacha likichemka bila kifuniko ili mvuke unipashe. Nilijiona mwerevu. Wachina wa bweni letu walikuwa wakiacha madirisha wazi kutwa nzima, nami niliwahurumia, nikidhani ni uzembe.

Katikati ya Januari, Jumamosi moja, niliandika barua ya kuacha masomo. Niliiandika kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kuandika sura yoyote ya utafiti. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilitaka barua kama hiyo iletwe kwa mkono kabla ya saa sita mchana, siku ya Ijumaa iliyofuata, maana baada ya hapo ingefungwa kwa ajili ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Ikifungwa kabla sijaipeleka, ningehesabika nimeingia muhula mpya, na mwezi Machi ningelazimika kusimama mbele ya jopo la walimu na kuwaonyesha kazi ambayo sikuwa nayo. Niliitia barua ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya mfuko wa koti langu. Sikumwambia mama yangu. Nilipanga kumwambia nikiwa tayari nimefika nyumbani.

Kilichobaki ni makoti. Jumatano iliyofuata kundi la wafanyabiashara tisa lilikuwa linakuja kununua bidhaa kabla masoko hayajafungwa, na makoti yote tisa yalikuwa yameombwa. Kwa kuwa naondoka, niliona ni haki nimkabidhi mtu mwingine mapema. Jumapili nikamwita jirani yangu wa ghorofa ya juu, Mkenya aliyesomea kompyuta, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe.

Aliingia, akasimama mlangoni, akavuta hewa.

"Maze, hapa ndani kunanuka uyoga."

"Ni mvua."

"Mvua iko nje, boss. Hii ni shamba." Akaligusa dirisha langu kwa kidole. "Na hii nayo? Umejipaki? Unajituma Mombasa kwa meli?"

Nilicheka kidogo, kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi, kisha nikauvuta mfuko kutoka chini ya kitanda na kuufungua.

Makoti yalikuwa yameota kuvu. Koti la kijani lilikuwa na madoa meupe mabegani, kama mtu aliyemwagiwa unga. Refu lilikuwa na utando wa kijivu kwenye pindo lote. Nilitia mkono mfukoni nikatoa karafuu za yule dada wa Unguja. Zilikuwa laini na hazikuwa na harufu yoyote. Jeusi lililokuwa chini kabisa, nilipolishika bega, kitambaa kilichanika mikononi mwangu kama mkate uliolowa.

Mkenya aliacha mzaha. Alichuchumaa akaligeuza moja, akaligeuza la pili.

"Hizi siwezi chukua," alisema. "Si kukukatalia. Lakini ukinipea hivi, watu watasema mimi ndiye niliharibu. Tengeneza kwanza, halafu unipe."

"Nitayatengenezaje? Wageni wanafika Jumatano."

"Sasa ni wewe unaniuliza mimi?" Akainuka. "Wewe ndio unasomea maji, na maji imekuchapa kwa nyumba yako."

Alipoondoka nilikaa sakafuni kando ya makoti. Ningependa kuandika kwamba niliamka hapo hapo nikafanya kazi. Sivyo. Nilikaa muda mrefu nikiona aibu, na aibu ile haikuwa ya ile barua. Uamuzi wa kuacha masomo nilikuwa nimekwisha kuupamba kwa maneno mazuri. Aibu ilikuwa ya watu tisa nisiowajua, watakaoshuka kwenye ndege na viatu vya wazi, wakaambiwa kwamba kijana mmoja aliyejaa maneno ya kuwatumikia watu ameshindwa kutunza nguo. Niliamua kwamba nitaondoka, ndiyo, lakini sitaondoka nikiwa nimeharibu amana. Kwanza makoti, kisha barua. Siku zilizobaki zilitosha kwa yote mawili.

Jumatatu asubuhi nilishuka chini kutafuta brashi. Mlinzi wa bweni letu ni mama wa Kikantoni wa miaka sitini hivi, ambaye wanafunzi wote humwita ayi, yaani mama mdogo. Huketi mlangoni na chupa yake ya maji ya moto, na dawa yake kwa kila tatizo, liwe la tumbo, la mtihani au la mapenzi, ni kukuambia unywe maji ya moto. Mimi huniita Mrefu.

"Mrefu! Nilidhani umekwisha kurudi Afrika. Kunywa maji ya moto."

"Ayi, nahitaji brashi. Nguo zimeota kuvu."

"Nguo ngapi?"

"Tisa. Makoti."

Aliweka chupa chini. Alinitazama namna mtu anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa kuja hospitali, akachukua kikapu, akatia humo siki nyeupe, brashi mbili na kile chombo chao cha kupigia mifarishi, kilichosukwa kwa henzirani kama jani kubwa. Alitangulia ngazi. Nilipofungua mlango wa chumba changu alipiga hatua moja ndani na kurudi nyuma.

"Umejizika?"

"Baridi, ayi."

"Baridi iko wapi? Baridi iko humu!" Alivuka chumba, akatia kucha chini ya selotepu, akavuta. Ilitoka na mlio mrefu, kama turubai linalopasuka. Akavuta ya pili, ya tatu. Nikasema upepo utaingia, leo simu imetoa onyo la baridi kali, upepo wa kaskazini umefika. Hakugeuka.

"Ndiyo, umefika. Nimeungoja wiki mbili! Huu ndio upepo wa kufungulia, Mrefu. Ule wa kusini, ule laini unaokudanganya una joto, ndio unaoleta maji ukutani. Ule ndio wa kufungia. Wewe umefunga madirisha wakati wa kufungua. Kila mwaka nawaona wanafunzi wa nchi za joto. Wanaogopa upepo usiofaa kuogopwa."

Akasukuma dirisha likafunguka.

Hewa iliyoingia ilikuwa kali kama maji ya kisima. Ilikuwa kavu. Niliisikia puani, ukavu ule ule wa asubuhi za mwezi wa Julai kwetu, kipupwe kinapopita juu ya mbuga. Na jua lilikuwepo. Sikuwa nimejua kwamba jua lilikuwepo. Chini ya bweni, mti ninaoupita kila siku ulikuwa umejaa maua ya rangi ya zambarau kutoka tawi la chini mpaka kileleni, katikati ya Januari, na baadhi ya maua yalikuwa yamekwisha kupukutika na kufunika baiskeli zilizoegeshwa. Yalikuwa yamechanua muda gani? Nilikuwa nimeyabandikia selotepu pamoja na vyote.

Nilisimama pale nikakumbuka daftari langu mwenyewe. Katika sura ya pili, niliyoiandika kwa mkono wangu, kulikuwa na aya kuhusu lambo moja la karibu na kwetu: kwamba hupungua upesi siku za upepo mkavu, hata zikiwa siku za baridi, kuliko siku za joto zenye mawingu na hewa nzito. Nilikuwa nimechora na grafu. Nilikuwa nimeeleza kwa kurasa nyingi kwamba kinachobeba maji si joto peke yake, ni hewa kavu inayopita na kupita tena. Nilikuwa ninaijua kanuni hiyo kwa lambo la maelfu ya ng'ombe, na sikuijua kwa chumba cha mtu mmoja.

"Unacheka nini?" ayi aliuliza.

"Najicheka."

"Jicheke huku unasugua. Chukua brashi."

Tulisugua kwa siki siku ile nzima. Aliponiachia kazi kwenda kuangalia mlango, nilisugua peke yangu, na madirisha yakabaki wazi. Nilikuwa ninatetemeka lakini sikuona usingizi. Jumanne asubuhi tukayapandisha makoti kwenye paa la bweni, na hapo niliona jambo ambalo mwaka uliotangulia lilipita mbele ya macho yangu bila kuingia. Mji mzima ulikuwa umetoa vitu vyake nje. Kila ukingo, kila baraza, kila ua wa chuma kando ya njia ulikuwa umetundikwa mifarishi ya maua, magodoro, mito, blanketi za watoto. Siku ya baridi kuliko zote za mwaka watu walikuwa nje, wakigonga mifarishi yao na kuzungumza kutoka paa hadi paa kwa sauti za watu walioalikana. Mzee mmoja wa jengo la pili alikuwa amejifunga kitambaa puani akilipiga godoro kama anayelidai ungamo.

Ayi akanipa kile chombo cha henzirani. "Piga."

Nikapiga koti la kijani. Likatoa wingu jeupe, na upepo ukalichukua.

"Piga kama mtu aliyekula asubuhi!"

Nikapiga. Nilipiga makoti manane mpaka mabega yangu yakawaka na sweta likanibana kwa joto. Koti la tisa, lile jeusi lililochanika, halikuwa la kupigwa tena. Tulilikata vitambaa vya kupangusia. Mkenya alipanda juu kutazama, akatoa simu akanipiga picha, akasema atamtumia mama yangu amwone mwanawe alivyofika China kugombana na koti. Kisha akavua koti lake mwenyewe, akalitundika kwenye kamba, akaomba zamu ya kupiga. Tulishuka kununua viazi vitamu kwa yule muuzaji anayechoma ndani ya pipa la bati kwenye kona, tukapanda navyo, tukavila tumesimama. Moshi wa viazi na moshi wa vinywa vyetu ulikuwa mmoja. Ayi alikula nusu ya changu bila kuuliza. Sijawahi kula kiazi kitamu zaidi ya kile, na kwetu viazi vitamu ni vya kila siku.

Hivyo ndivyo nilivyofika Baiyun Jumatano, kwa treni ya chini ya ardhi, na makoti manane yaliyonukia jua na siki kidogo. Wageni tisa walitoka mlangoni wamekumbatia mikono yao. Mbele yao alikuwa mama mmoja wa Kariakoo, muuza nguo za watoto, mwenye baibui jepesi na kandambili za dhahabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie ukweli, tumefika China au tumefika buchani? Nilijua jokofu ni la nyama. Sikujua na watu wanawekwa!"

"Mmefika siku nzuri, mama. Upepo wa leo ni mkavu."

"Siku nzuri!" Akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Huyu ndiye msomi tuliyeambiwa atatupokea."

Nikagawa makoti. Manane yakaisha, naye mama yule akawa amebaki mikono mitupu, kwa kuwa alikuwa amewatanguliza wengine wote. Nikavua langu. Alikataa mara moja, kwa adabu, na akakubali kabla sijajibu.

"Na wewe je?"

"Mimi nina sweta, mama. Nimezoea."

Sikuwa nimezoea. Lakini nilipotoka nje ya uwanja na sweta langu, nikisubiri pamoja nao, niligundua kwamba baridi ya mtu aliyesimama ina mwisho wake. Inakuuma, inakuamsha, inakuacha. Ile niliyokuwa nikiishi nayo chumbani haikuwa na mwisho kwa sababu nilikuwa nimeifungia ndani pamoja nami.

Nilikuwa nimepanda treni ya kurudi nilipokumbuka barua. Ilikuwa ndani ya mfuko wa koti, na koti lilikuwa linaelekea hotelini limemvaa mama wa Kariakoo.

Alhamisi ningeweza kuifuata. Niliamka saa kumi na mbili na nusu, nikafungua dirisha, nikasema nitaandika aya moja kwanza. Nilipotazama saa ilikuwa saa tisa alasiri, na ile sentensi iliyonisimamisha miezi miwili ilikuwa nyuma yangu kwa kurasa nne. Niliandika kuhusu upepo. Nilikuwa nimetumia mwaka mzima nikiuandika upepo kama mwizi wa maji, na sasa kwa mara ya kwanza niliujua kwa ngozi yangu, nikajua unavyoingia na unavyotoka na kitu. Hata hivyo, sikuifuta ile nia yangu ya kuondoka. Mtu aliyekwisha kuandika barua kwa makini namna ile huona haya kuiacha. Nilimpigia simu mama yule, akasema atakuwa soko la Shahe tangu alfajiri. Aliniambia nije nichukue karatasi yangu na nimsaidie lugha.

Ijumaa nilimkuta Shahe katikati ya mabelo, koti langu limemfika magotini, kilemba kimefungwa juu ya kofia ya sufu. Alikuwa anatafuta sweta za watoto kwa ajili ya wateja wake wa Njombe na Makete, na mbele yake kijana muuzaji alikuwa anatikisa kichwa.

"Laoban," mama alimwambia, yaani bosi, neno la kwanza ambalo kila mfanyabiashara wetu hujifunza, "laoban, mimi mama yako. Punguza."

"Meiyou, meiyou." Hakuna, hakuna.

"Hiyo ni meiyou yake ya tatu," mama akaniambia kwa sauti ya chini. "Ya tano atachoka. Wewe mwambie watoto wa Makete wanaenda shule asubuhi na umande umeganda kwenye majani. Mwambie hivyo hivyo, usiongeze."

Nikamwambia hivyo hivyo. Yule kijana akauliza kwa mshangao kama kweli Afrika kuna baridi. Nikamweleza. Nikajikuta namweleza pia kuhusu kipupwe, kuhusu upepo wa Dodoma, kuhusu malambo, na mama akaniambia, "Mwanangu, nimekuomba sentensi moja." Lakini yule kijana alikuwa amecheka, na sweta zikashuka kutoka rafuni.

Mama alikuwa anaandika saizi kwenye karatasi aliyoiweka juu ya belo. Nikatazama. Ilikuwa bahasha yangu. Juu ya jina la ofisi ya wanafunzi wa kigeni, nililokuwa nimelichapa kwa unadhifu, yalikuwa yamepangwa maandishi yake makubwa: miaka miwili, bluu, miaka minne, nyekundu, miaka sita, yenye kofia.

"Kumbe hii ndiyo uliyoniambia? Niliikuta mfukoni, ngumu kidogo, nikaona inafaa," alisema. "Sikufungua. Ilikuwa ya maana?"

Ilikuwa saa tano kasoro. Kutoka Shahe mpaka chuoni kwa treni ni chini ya nusu saa. Muda ulikuwepo, na zaidi. Ndani ya bahasha barua ilikuwa nzima na sahihi yangu ilikuwa mahali pake.

"Haya, chukua," mama alisema, akinisogezea. "Nitatafuta nyingine."

Niliishika. Nilihisi karatasi ya ndani kwa kidole gumba. Nilifikiri kuhusu dirisha langu, ambalo nilikuwa nimeliacha wazi nilipotoka, na kuhusu kurasa nne zilizokuwa mezani, ambazo upepo ungeweza kuzirusha kama sikuziwekea kikombe juu. Nilikuwa nimeziwekea kikombe. Nilitambua kwamba tangu alfajiri ile nilikuwa nimekwisha kupanga kuzirudia.

Nikaichana bahasha upande mmoja, nikatoa barua, nikaigeuza. Nyuma yake ilikuwa nyeupe kabisa.

"Andika hapa, mama. Hapa kuna nafasi kubwa."

"Si ulisema ni yako?"

"Ilikuwa yangu. Bado hujafika saizi za miaka minane."

Alinitazama kwa macho ya mtu aliyelea watoto, kisha akalamba ncha ya kalamu na kuandika: miaka minane, kijani. Saa sita ilitukuta ghorofa ya tatu, tukisukumana na watu wenye mikokoteni, mama akipokea meiyou ya sita na kuigeuza ndiyo. Nilisikia saa ya simu yangu ikilia, maana nilikuwa nimeitega inijulishe ofisi inapofungwa. Niliizima. Nilicheka kwa sauti katikati ya soko, na mwenye duka akacheka nami bila kujua sababu.

Alipoondoka wiki mbili baadaye alinirudishia koti likiwa limefuliwa. Mfukoni alikuwa ametia sweta moja ya mtoto, ya bluu, iliyokunjwa ikawa ndogo kama kitambaa. "Ni ya mwanao atakayekuja," alisema. "Au itundike dirishani mwako. Nasikia hulifungi siku hizi."

Mwezi Machi nilisimama mbele ya jopo la walimu na sura tatu kamili. Walinihoji saa nzima na kunipitisha.

Sasa ni majira yangu ya tatu ya baridi hapa, na ninayangoja. Siku ambazo mbingu hushuka na upepo wa kusini hulowesha ukuta, ninafunga dirisha na kuwa mvumilivu, kwa kuwa najua kinachofuata. Leo asubuhi simu imetoa onyo la baridi kali. Nilitoka kitandani mbio, miguu mitupu kwenye saruji, nikafungua dirisha mpaka mwisho wake. Mti wa maua ya rangi ya zambarau ulikuwa umechanua. Chini, ayi alikuwa ameshatundika mfarishi wake kwenye ua wa chuma, na aliponiona aliinua lile jani la henzirani kama bendera.

"Mrefu! Unangoja nini? Leta makoti!"

Nikayabeba yote begani, tisa tena, kwa kuwa la tisa nililinunua mwenyewe, nikapanda nayo juani.